Mpini wa Pampu ya Zamani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, goti limepumzika, ingawa najua siku hizi halipumziki kwa sababu yangu. Mimi mwili ni mzima. Nimeamua kuandika kwa kuwa kila nikikupigia, ukiitika tu nakata simu.

Maji ya hapo kijijini Mugoma nimeyakata mimi. Kwenye nyumba ya pampu kuna boksi linalosikiliza tangi la mlimani na kupokea amri zangu kutoka huku Dar es Salaam. Ndani yake kuna kadi yenye matundu mawili ya nyaya, na kila waya una namna yake ya kuongea. Zamani fundi aliichagua namna hiyo kwa kuhamisha kidude kidogo kwa mkono. Kadi hii inachaguliwa kwa kompyuta, hata ukiwa mbali, ndiyo maana niliwaringia wakubwa kwamba hakuna haja ya mtu kusafiri hadi Ngara.

Nilitaka kubadili namna ya tundu la tangi. Nikabadili ya lile linalopokea amri zangu, tena nikahifadhi. Papo hapo boksi likaacha kunisikia, na pampu isipopata amri hujizima.

Mdogo wangu Deo alilifungua nikiwa naye kwenye simu. "Dada, humu hamna hata swichi ya kugeuza," akasema. Nikamwambia afunge tu.

Bosi amenisimamisha kazi na kuchukua kompyuta. Fundi mwingine atakuja akimaliza kazi Mtwara, lini hakuna ajuaye. Hata nikipanda basi leo, nitasimama mbele ya lile boksi kama mgeni. Na wewe unashuka bondeni na ndoo, pamoja na wifi yangu na ule ujauzito. Nimechoka kujilaumu, mama, na bado sijamaliza.

Jana niliikumbuka ile pampu ya mkono ya zamani hapo kijijini, nikapata nafuu kidogo. Kisha nikakumbuka mpini wake. Pampu mpya ilipofungwa uliuficha uvunguni, ukasema huenda ukahitajika. Nikakucheka mbele ya wanajumuiya, nikakuambia uwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukawapa, kwa sababu aliyesema ni mimi.

Nisalimie Deo, wifi yangu, na mama mkubwa wa Bugarama. Watu wakikuuliza habari za maji, usinikingie kifua. Wape jina langu.

Mwanao,
Adela