Trei Iliyorudi Tupu

Mpendwa mshauri,

Sikuandikii kwa sababu nimeshindwa, mimi sijashindwa jambo tangu marehemu mume wangu Orville aniachie shamba, ng'ombe na mtoto mmoja wa kiume, nakuandikia kwa sababu nataka mtu wa nje, asiye na undugu nami wala na mke wa mwanangu, aseme hadharani nani mwenye makosa, ukishasema nitakikata hicho kipande cha gazeti nikakibandike kwenye friji la huyo mke wa mwanangu, kwa sumaku yake mwenyewe yenye picha ya jangwa la kwao.

Jina langu ni Ardis Tollefson wa hapa Vesterdal, na uliandike hivyo hivyo, mambo ya kujiita "Mwenye Uchungu" au "Msomaji Wako" ni ya watu wenye cha kuficha. Shule niliacha mapema nikakamue ng'ombe, kwa hiyo ukikuta nukta haipo mahali pake iweke mwenyewe, kazi ndiyo hiyo unalipwa.

Kila mwaka majani yakianza kupukutika na watu wakishapanga maboga vibarazani, mimi huoka keki za brauni, za boga na jibini ya krimu, kwa ajili ya karamu ya mavuno ya kanisa letu la Kilutheri, chini chokoleti, katikati boga, juu jibini, kisha napitisha ncha ya kisu taratibu mpaka zile rangi tatu zishikane bila kuchanganyika. Trei yangu hukaa mwanzo wa meza ya vitamutamu na haikai pengine. LaVonne, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, aliwahi kuisogeza aweke ya kwake ya matufaha, nikairudisha huku ananitazama, na urafiki ukaendelea.

Sasa hili linalofuata silielezi kwa ajili yako, wewe umezaliwa huku Minnesota, nalieleza kwa ajili ya yule atakayelisoma kwenye friji. Huku kwetu mtu hachukui kipande cha mwisho. Kikibaki kimoja, wa kwanza atakikata nusu, wa pili atakata nusu ya nusu, wa tatu atakata kipande cha ukucha, na trei itarudi kwa mwenyewe ikiwa na kijipande ambacho hata panya angeona haya kukichukua. Hivyo ndivyo trei yangu imerudi miaka yote, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba watu wamekula na wamefurahi.

Mwaka huu trei ilirudi tupu. Siyo tupu tu, imeoshwa, imekaushwa, imefungwa kwenye taulo ya jikoni ya kanisa, na aliyenikabidhi mlangoni mwa kanisa ni Renata, mke wa mwanangu Duane, anatabasamu mpaka masikioni. "Mama, zimekwisha zote," anasema, "watu wamezigombania." Wamezigombania! Walutheri!

Sikuamini. Nikaenda zangu nyuma ya kanisa kwenye mapipa ya taka, nikafunua la kwanza, na brauni zangu zilikuwa mle ndani, zimepangwa kwenye mfuko vizuri kabisa kama zinasafirishwa, zote isipokuwa moja, ambayo najua alikula LaVonne kwa sababu alinipitia nilipokaa akaniambia, "Ardis, shoga yangu, za mwaka huu ni za aina yake." Halafu kesho yake hakuja kwenye mafundisho ya Biblia, tumbo lilikuwa linamsokota, nami nilimwambia kwenye simu ni yale makaroni ya samaki ya mke wa mchungaji, ambayo kila mtu anayajua.

Nilimfuata Renata nyumbani kwake bila kuvua hata buti. Nikamuuliza, "Nani kamwaga brauni zangu?"

"Mama, nani kasema zimemwagwa? Watu wamekula mpaka cha mwisho."

"Hakuna mtu wa wilaya hii anayekula cha mwisho."

Akaniangalia. "Sasa mimi ningejuaje kama kipande cha mwisho nacho kina sheria yake?"

Basi. Amejitaja kwa mdomo wake, maana huyu katokea Arizona, ambako naambiwa majani hayapukutiki, na mtu wa namna hiyo ndiye pekee anayeweza kumwaga trei nzima akidhani ametenda kosa lisiloonekana. Nikamuuliza kwa nini. Akamtazama Duane. Duane akasema anakwenda kuangalia trekta. Trekta halina tatizo lolote. Nikasema mbele yao wote wawili kwamba Sikukuu ya Shukrani sitatia mguu nyumba ile, nitakula bata mzinga wangu peke yangu, na Duane achague atakaa meza gani, na ndiyo mwaka wao wa kwanza kualika ukoo kwao, ameshashona vitambaa vya meza, vina maboga madogo pembeni, vibaya havikuwa.

Usije ukadhani brauni ndizo zilikuwa na kasoro. Nilizioka kama siku zote, tena kwa uangalifu zaidi, kwa sababu viungo vya siku hizi ni wizi mtupu. Tangu yale mafua makali yaliyonilaza mwanzoni mwa masika naona mdalasini wanaouza ni vumbi jekundu tu, haunukii, karafuu ndiyo hivyo hivyo, kwa hiyo niliongeza, nikanusa, nikaongeza tena mpaka nikachoka. Jibini ya krimu ilikuwa imekaa kwenye friji kidogo, tangu ile ziara ya binamu wa Orville, lakini niliinusa mwenyewe puani na haikuwa na harufu yoyote. Hata kahawa wamekwisha kuiharibu, nimebadilisha chapa mara kadhaa, zote ni maji ya moto.

Na huyu Renata mambo yake hayajaanza leo. Siku chache kabla ya karamu aliingia jikoni kwangu bila kubisha, akarukia jiko la gesi akazungusha vitufe, akafungua madirisha yote, nje kuna baridi ya kugandisha ndoo. "Mama, husikii harufu?" anapiga kelele. Nikamwambia, "Harufu gani, wewe husikii baridi? Huku joto tunalilipia!" Nikayafunga. Akayafungua. Akakaa pale mpaka jioni amevaa koti, hataki kuondoka, ananiuliza habari za ng'ombe, na ng'ombe anawaogopa.

Sasa niambie, kwa sababu sikukuu inakaribia na Duane hapokei simu ila trekta likiwa linaunguruma. Sitaki huruma. Nataka uandike kwamba Renata ndiye mkosaji na aje aniombe radhi, kwa herufi kubwa zinazosomeka mbali kidogo na friji.

Ardis Tollefson,
Vesterdal


JIBU LA MSHAURI

Bi Ardis, mkasi uweke chini kwanza.

Barua yako nimeisoma, nikanyanyuka nikatembea, nikarudi kuisoma tena, na nikwambie ukweli, sijapata kuona mtu akikusanya ushahidi mzuri namna hii dhidi yake mwenyewe. Mdalasini haunukii. Karafuu hainukii. Kahawa ni maji ya moto, chapa zote. Jibini iliyokaa tangu ziara ya wageni haina harufu. Jiko linavuja gesi, mtu anakuja mbio kufungua madirisha, nawe unamsomea bei ya joto. Na yote haya yameanza baada ya mafua yaliyokulaza. Mama yangu, wenye maduka hawajakuibia. Pua yako ndiyo imekuacha, na ulimi umeifuata.

Mimi si daktari, lakini huhitaji daktari kujua hilo. Ukimaliza kusoma hapa chukua chupa ya siki, fumba macho, inuse. Usiposhtuka, piga simu kwa daktari wa pua leo, siyo baada ya sikukuu. Wengine hurudiwa na harufu taratibu, wengine hapana, atakwambia yeye. Kabla ya daktari lakini, mwite fundi wa gesi aje alikague jiko, na akufungie kile kifaa cha ukutani kinachopiga kelele gesi ikivuja. Mpaka aje, usiwashe hilo jiko. Kula mkate. Hili sikuombi, nakuamuru, na kama hutanitii mimi basi mtii Orville, ambaye hakukuachia hilo shamba ili ulilipue.

Sasa tuje kwenye brauni. Ulipeleka kanisani trei yenye jibini iliyochacha na karafuu za kutosha kutia jino ganzi. LaVonne alionja moja kwa sababu ya mapenzi, na wewe na mimi tunajua huku kwetu mtu akikwambia chakula chako ni cha aina yake, ameshakitema kwenye leso. Kisha akaugua, nawe ukamsingizia mke wa mchungaji. Makaroni yake ni mabaya, hilo nalikubali, lakini safari hii hayakuhusika. Renata naye bila shaka alionja, akaelewa, akaangalia foleni ya wazee na watoto inayokuja na sahani, akaiondoa trei kabla mtu mwingine hajaumwa. Angeweza kutangaza. Angeweza kusimama katikati ya ukumbi akasema, "Jamani msile, za Ardis zimeharibika," na ungekuwa mwisho wako kwenye ile meza. Badala yake alizifunga, akazitupa, akaosha trei yako kwa mikono yake, akakuletea mlangoni akitabasamu. Alitaka urudi nyumbani ukiwa bado ni Ardis.

Alidanganya, ndiyo. Mtu mzima asidanganywe kuhusu afya yake, na Renata, kwa kuwa utakuwa unalisoma hili kwenye friji lako, sikia: ile siku ya gesi ungesema wazi, "Mama, hunusi," hata kama angekurushia mwiko. Na Duane, trekta limepona, rudi ndani.

Ila wewe, Bi Ardis, jiulize kwa nini watu wanaokupenda wanaona ni rahisi kwenda kwenye mapipa ya taka kwa siri kuliko kukwambia neno moja usoni. Umewakaripia kiasi kwamba hata habari ya kuokoa maisha yako imekosa mlango wa kuingilia. Yule msichana alikaa jikoni kwako mpaka jioni, amevaa koti, anazungumzia ng'ombe anaowaogopa, kwa sababu hakuthubutu kukuacha peke yako na lile jiko. Umeliandika hilo mwenyewe kama shtaka. Lisome tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani nenda nyumbani kwa Renata ukiwa na trei ileile, tupu na safi kama alivyokurudishia. Buti uvue mlangoni. Umwambie, "Nimekuja kuoka kwako, mikono ninayo, pua sina, njoo unisaidie." Usiongeze maneno, wewe ukiongeza huharibu. Kiapo chako cha kutotia mguu kisikuzuie, ulikiapa kwa hasira ukiwa na habari pungufu.

Mnunue jibini siku hiyohiyo, na yeye ndiye aifungue na kuinusa. Boga liwe la kopo, lile tupu lisilotiwa sukari, nawe uliwekee kitambaa safi linyonywe maji. Mdalasini upimwe kwa kijiko, siyo kwa hasira, na karafuu ashike yeye. Lakini kisu shika wewe. Mwonyeshe ile namna ya kupitisha ncha rangi zishikane bila kuchanganyika, maana hiyo haipo Arizona wala kwenye kopo, na baada yako hatakuwepo mwingine wa kumwonyesha. Ziache zipoe kabisa kabla ya kukata. Najua hutasubiri. Subiri.

Na mezani, ukoo mzima ukishakula, mtaanza ule mchezo wetu. Kitabaki kipande cha mwisho, mmoja atakikata nusu, mwingine atainua kisu kuikata tena ile nusu, na Renata atakuwa anawatazama kwa wasiwasi, mikono ameificha chini ya kitambaa chake cha maboga, asijue sheria inasemaje. Hapo ndipo unyooshe mkono, Bi Ardis, umzuie mwenye kisu. Chukua hicho kilichobaki, kiweke kwenye sahani yake, uwaambie wote kwamba huyu ana ruhusa.