Shati la Kaki na Mvua ya Wanale

Mpumudde, Jinja

Afande Baba,

Nakupigia saluti nikiwa nimekaa, unisamehe, kitambaa kimenijaa mapajani. Goti linasemaje na mvua hizi? Mama bado anakuchua kwa yale mafuta, au umeshamfukuza? Mimi mzima, nakula vizuri, na cherehani yangu nayo nzima.

Baba, kazi imefunguka. Zile picha zangu za vitambaa, ulizosema ni matambara ya kuchezea, watu wa Jinja wanasimama kuzitazama. Ila mvua ya hapa ni mhuni. Huko Mbale tukiona mlima wetu wa Wanale umejifunika wingu, tunaanua nguo mapema. Hapa hakuna mlima wa kukuonya. Mvua inatoka ziwani kimya kimya, na wiki ya kwanza ilinilowanishia nyuzi zote kambani, rangi ikachuruzika. Nililia, Baba. Halafu nikasema basi, nitajishonea Wanale wangu mwenyewe.

Na nimeushona! Mpana kama kitanda chenu. Mawingu ni chandarua kikuukuu, na yale maji yanayoporomoka jabalini baada ya mvua ni uzi mweupe, mmoja mmoja, kwa mkono. Jabali ndilo lilinitesa. Nilichovya kitambaa kwenye majani ya chai, kwenye tope, kwenye maganda ya vitunguu. Wapi! Rangi ile naijua, niliiona kila asubuhi ukitoka kwenda kazini gerezani.

Sasa nisikilize bila kupiga kelele. Shati lako la kaki, lile ulilostaafu nalo, kaka Opio hakulichukua. Nililichukua mimi Krismasi, nikalificha chini ya mchele alionifungia Mama. Nimelikata. Nilikuogopa, ndiyo maana nikanyamaza. Lakini Mama ameniambia kwenye simu kwamba mpaka leo unamwita kaka yangu mwizi, na hilo limeniuma sana.

Mwenye hoteli moja hapa anautaka huo mlima ukutani kwake. Nimemwambia una mwenyewe, angoje. Jumamosi nakuja nao. Mfuko wa kifuani sikuukata. Nimeushona chini ya jabali, pale ilipokuwa kota yetu ya askari magereza, na kifungo chake bado kinafunga.

Unakumbuka karakana ya ushonaji uliyoisimamia gerezani? Mfungwa akipindisha mshono, ulikuwa na neno moja tu: "Fumua!" Hata mimi ulinifumulisha gauni la shule mara tatu. Ukilisema Jumamosi, nitafumua mlima wote mbele yako, nikurudishie shati lako vipande vipande. Sitabisha.

Msalimie Mama, mwambie mchele ulikuwa mtamu. Msalimie jirani yetu Mama Zaituni, aliyenifundisha kutarizi. Opio mwambie namletea viatu, na wewe umwombe radhi kabla sijafika.

Lakini mshono haukupinda, Afande. Kagua mwenyewe.

Binti yako,
Akello