Kitambaa Cheupe cha Mgeni

Haloo, Sabira, unanisikia? Mwenzangu, nimeaibika.

Yule msichana mgeni, Radka, aliyekuja kutazama michezo ya farasi. Mvua ya mawe ilimkuta uwanjani. Kaingia hemani kwangu ameloa, meno yanagongana, na bado akanipokea ndoo ya maziwa. Nikamwonea huruma. Nikachukua kitambaa changu cheupe, nikamfunga kichwani.

Kitambaa cheupe, Sabira! Na mjukuu wangu Tilek kakaa palepale!

Jirani yangu Kalipa akachungulia. "Mmepata mkwe! Kimyakimya hivi, wezi nyie?" Akapiga vigelegele, akammwagia mtoto wa watu peremende kichwani. Tilek akatoka mbio kama kaumwa na nyuki.

Radka anacheka, anaokota peremende. Mpaka Nurzat, anayewatembeza wageni, alipoingia akamweleza: hapa bibi akikufunga kitambaa cheupe, umeshaolewa.

Sabira, alivyobadilika rangi! Akautazama mlango.

Nikainuka mwenyewe, nikaufungua. Nikamwambia, "Mwanangu, ilikuwa baridi tu. Kivue. Farasi wangu yuko nje, nenda utakako."

Hakuondoka. Alikivua, akakikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Kisha akauliza kupitia kwa Nurzat, "Bibi, wewe ulipofungwa chako, mlango ulikuwa wazi?"

Wewe ulikuwepo siku ile waliponiiba, Sabira. Uliyasikia mayowe yangu.

Nikammiminia chai. Mlango sijaufunga mpaka sasa, na mvua inaingia.