Maji Yanayotoka kwa Bibi

Kisangani, Jumatano, mvua imekatika sasa hivi

Mama yangu,

Kabla ya neno lolote, pokea mikono yangu yote miwili. Goti lako linasemaje? Lile la kushoto, linalojua mvua kabla ya mawingu? Na paa la jikoni limepata bati, ao bado mnaahidiwa tu? Sisi hapa tunapumua wote watano. Neno hili "wote" nimeliandika polepole, utaona kwa nini.

Dada Zaina, wewe unayemsomea mama, nakuomba ukae chini. Usisome umesimama huku unachungulia sufuria yako. Na usiruke mstari. Ninakujua.

Mama, ninajua kwamba ulikwenda bandarini. Tonton Salumu, mdogo wa mume wangu, ameniambia yote aliporudi kutoka Kindu. Ulivaa pagne yako ya sikukuu, ukangoja mpaka watu wote wakashuka kwenye meli, masuwa ile ya Ubundu, ndipo ukamwuliza, "Na ndoyi wangu, mwenye jina langu, iko wapi?" Yeye akakupa mfuko wa chumvi na kile kikaratasi changu chenye maneno matatu: Feza anaumwa kidogo. Haikuwa kidogo. Nilikuficha kwa sababu sikutaka roho yako ikatike ukiwa peke yako. Sasa nitasema yote, na mwishoni nitakujibu lile uliloniomba wakati wa mfungo, nikupe Feza, mtoto wangu wa kwanza aliyechukua jina lako, akae nawe, kwa maana nyumba imekuwa kubwa tangu marehemu baba atutoke. Nilikuwa nimesema ndiyo. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba sikumwambia mtoto.

Nilijiambia: nitamwambia wiki ya mwisho ya vakansi, likizo ya shule, asije akalia miezi miwili. Kusema kweli ni mimi niliyeogopa kulia. Na kazi zilikuwa hazina mwisho, mama. Aziza ananyonya na kuota meno pamoja, Amisi ametimiza miaka mitano na hakuna mti asioupanda, Jumamosi salongo, kazi ya lazima, tunafagia mtaa mzima tukihesabiwa majina, na mume wangu anarudi kila siku na nguo zenye mafuta ya mashine ambayo hakuna sabuni inayoyajua. Basi nikasema, kama Feza anaondoka, bon, kwanza aone mji wake. Aondoke na kitu machoni.

Jumapili moja tukaenda kwenye maporomoko ya Wagenia. Miaka tisa niko Kisangani na sikuwahi kwenda kuangalia. Nani ana nafasi? Mama, kelele ile unaisikia kwanza kwenye nyayo, halafu ndipo masikio yanapata. Mto mzima unaanguka juu ya mawe, mweupe kama maziwa yaliyofurika, na katikati yake wanaume wa pale wamesimika miti minene kama nguzo za kanisa, wamening'iniza vikapu ambavyo mimi na wewe tungeweza kulala ndani. Wanatembea juu ya ile miti, maji yanaunguruma chini yao, nao wanazungumza habari zao kana kwamba wako uani. Nilisimama nikiwa na Aziza mgongoni na nikasahau kwamba nimechoka. Amisi aliziba masikio, akaangalia sana, halafu akapiga kelele, "Nani anamwanga mayi?"

Watu walicheka. Lakini Feza hakucheka. Aliniuliza, "Mama, mayi hii yote inatoka wapi?"

Nikamjibu, "Inatoka kwa bibi yako. Inapita Kindu, pale anapofuliaka nguo, halafu inateremuka inakuja kwetu. Mayi yote unaona hapa, bibi yako ameiona mbele yetu."

"Hata ya kunywa?"

"Hata ya kunywa."

Nilisema hivyo kama mtu anavyotupa punje kwa kuku. Dada Zaina, somea mama maneno haya mara mbili, maana yote yaliyofuata yametoka hapo.

Wiki iliyofuata mume wangu alitumwa Barumbu, huko chini ya mto, kutengeneza mashine ya kukoboa mpunga. Akasema, "Twende wote. Vakansi ni vakansi." Nilifunga mizigo kwa siku moja. Jirani yangu Mama Sifa, yule mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka Butembo, alinipa sukari ya njiani na akaanza hadithi yake ya siku zote: "Mimi nilipofika hapa, mayi ya hapa haikunizoea. Nililala mwezi muzima! Mutu akihama, tumbo inahama nyuma yake, polepole." Watoto wanaijua hadithi hiyo kama sala.

Ile masuwa, mama, usifikiri ni kama ya kwenu. Inasukuma majahazi ya chuma yaliyofungwa pamoja, na juu yake mtaa mzima umehamia: vinyozi, mbuzi, wanawake wanaopika, mamba amefungwa mdomo kwa kamba. Amisi alimwamkia yule mamba "mbote" kila asubuhi mpaka tukashuka. Na masuwa haisimami kwa ajili ya vijiji. Watu wa vijijini wanaifuata na mitumbwi, wanaikamata ikiwa inakwenda. Niliona mwanamke, umri wangu, mtoto mgongoni, beseni la viwavi kichwani, anaruka kutoka mtumbwini hadi kwetu, hashiki kitu, hamwagi kiwavi hata kimoja. Halafu akaanza kutaja bei. Nikajicheka. Mimi ninayelalamika nikivuka barabara na beseni la majani ya sombe.

Barumbu tulikaa wiki mbili. Pale mto ni mpana hata ng'ambo inaonekana kama nyusi tu. Tulipewa chumba kwa mama mmoja mzee, mjane, mwenye nyumba kando ya maji. Kila asubuhi Feza alichukua kikopo cha maziwa, kile kitupu, akateremka mtoni peke yake, akakaa pale. Yule mzee aliniambia kwa Lingala, "Mwana na yo azali mwana ya mai," yaani mtoto wako ni mtoto wa maji. Nami nilifurahi, mama. Nilisema, walau kuna mmoja asiyenivuta pagne.

Kurudi ni kupanda mto, na masuwa ikawa inakwenda kama mgonjwa wa miguu. Siku ya pili Feza alikataa chakula. Siku ya tatu aligeukia ukuta wa chuma, ukimwita haitiki. Nilidhani ananuna. Asubuhi ile baba yao alikuwa amemnunulia Amisi kasa mdogo, na nikafikiri ni wivu. Nilikuwa nimechoka, Aziza alikuwa analia, jua lilikuwa linachoma kwenye yale machuma. Nikamwambia, "Feza, mimi si mutumwa wako. Kula ao acha!"

Unajua kwamba tangu alipopewa jina lako ninamwita mama. Siku ile sikumwita mama. Nilimwita Feza, mbele ya watu, kwa sauti.

Mume wangu aliinama akamwekea mkono kwenye shingo. Akaniangalia. "Huyu hanuni," akasema. "Huyu anaungua."

Tulipofika tulikwenda moja kwa moja dispanseri, hata mizigo hatukuipeleka nyumbani. Infirmier, muuguzi wa pale, alimgusa tumbo, akamwangalia ulimi, akaniuliza, "Citoyenne, huyu mutoto anakunywaka mayi gani?"

"Ya robine, ile ya bomba. Na ninaichemusha."

"Na kule mulitoka?"

"Kule pia nilichemusha. Kila siku."

Alitikisa kichwa. "Donc amekunywa ingine. Hii ni tifoide, homa ya matumbo." Akamwuliza Feza mwenyewe kama amekunywa maji ya mto. Feza alifunga macho.

Sitakuambia siku zile moja moja. Homa ilipanda asubuhi, ikapanda tena jioni, kama mtu asiyejua kuteremka. Alikuwa anasema maneno yasiyoshikana. Mikono yake ikawa miembamba hata niliogopa kuikunja. Mama Sifa alikuja na rozari yake akakaa upande mmoja wa mkeka, mimi na tasbihi yangu upande mwingine, na hatukuulizana kitu. Alisema mara moja tu, "Mungu atachagua ile anasikia vizuri."

Asubuhi ya safari ya Kindu Tonton Salumu alifika kumchukua Feza, na begi lake begani na viatu vipya. Alianzia mlangoni, "Shemeji, harakisha, train ya Ubundu haingoji mutu!" Halafu akaona. Aliweka begi chini. Alichuchumaa karibu na Feza. Nikaandika kile kikaratasi juu ya goti langu, nikampa. Alikwenda peke yake.

Na siku moja, mama, homa ilishuka. Hakuna aliyeifukuza saa ile. Nilikuwa namfuta uso kwa kitambaa, nikaona kitambaa kinarudi baridi. Nikagusa. Nikagusa tena. Nikaita jirani aguse, maana sikuamini mkono wangu. Feza akafungua macho akasema, "Nataka wali na mawese."

Nilikaa chini palepale, kwenye udongo. Nikasema Alhamdulillah.

Siku mbili baadaye, nikiwa namlisha, aliniuliza, "Tonton alishaenda?"

Kijiko kikasimama. "Nani alikuambia tonton anaenda?"

"Nilisikia. Mulikuwa mukisema na papa. Mulifikiri nimelala."

"Lini?"

"Mbele ya vakansi."

Kumbe alijua. Kwenye maporomoko alijua. Kwenye masuwa, akiangalia yule mamba na mitumbwi, alijua, na hakusema. Nikaona haya. Halafu akasema, huku anaangalia sahani, "Mama, usikasirike. Nilikunywa mayi ya mto."

"Kwa nini? Kwa nini, na mimi ninachemusha kila siku?"

"Ulisema ni mayi ya kwa bibi. Na Mama Sifa alisema mutu akihama mayi haimuzoei, analala mwezi muzima. Nilitaka mayi ya bibi inizoee mbele, nisifike kwake na kulala tu. Bibi iko na goti. Nani atanibeba?" Akameza wali. "Mbele nilikunywa kikopo kimoja. Nyuma viwili. Ilinuka samaki, lakini nilimeza."

Mama, nimeona mto ukianguka juu ya mawe. Nimeona maji mapana hata ng'ambo inapotea. Sijaona kitu kikubwa kama kile kilichokuwa kimelazwa kwenye mkeka wangu, chenye miaka minane na meno mawili pungufu, kinachoogopa kukuchosha. Alijitayarisha peke yake, kikopo kwa kikopo, kwa safari ambayo hakuna mtu aliyemwuliza. Nami nilikuwa nimemgeuza kama kuku, anayefungwa miguu na kupewa msafiri.

Ndipo nikamwuliza. Mara ya kwanza. "Na wewe, mama, unataka kwenda?"

Alifikiri mpaka wali ukapoa. "Bibi, ninamutaka," akasema. "Kuondoka, sitaki."

Basi hili ndilo jibu langu. Simtumi. Nilisema ndiyo na ninalirudisha neno langu, na lawama uiweke juu yangu, si juu ya mtoto wala juu ya baba yake, ambaye alisema tangu mwanzo tumwulize. Usidhani nimekunyima. Ningeweza kukuambia ungoje mwaka ujao, na mwaka ujao ningekuambia tena mwaka ujao. Sitaki kukudanganya mara ya pili.

Lakini sikiliza. Maji yanateremka, hayapandi. Wewe ndiye uko juu, sisi tuko chini. Njoo wewe. Masuwa kutoka Kindu mpaka Ubundu, halafu train mpaka hapa, njia yote ni kuteremka. Tonton Salumu atakuwa huko tena kabla ya mwaka kwisha, na nimemwambia akirudi bila wewe asibishe hodi kwangu. Chumba cha watoto nimekipanga upya, kitanda chako kiko upande usiovuja. Goti hilo tutalipaka mafuta sisi wenyewe. Ukikaa mwezi mmoja, sawa. Ukikataa kurudi, sawa zaidi. Na wewe Zaina, usimtie mama woga wa safari. Nyumba utaiangalia, iko hatua kumi kutoka kwako.

Nisalimie maalimu wetu aliyenifundisha hizi herufi. Mwambie bado ninazilaza upande vile alivyonikataza. Msalimie mjomba mwenye baiskeli, na mama yule anayesuka nywele kwenye kona, mwambie nywele za Feza zilidondoka lakini zinaota, tena laini. Wasalimie watoto wote wa Zaina, hata yule mkorofi, huyo mara mbili.

Feza amekaa hapa ubavuni mwangu, shingo bado nyembamba, anasoma ninachoandika na kunisahihisha. Shule ameianza Jumatatu, anakwenda nusu siku. Anasema niandike neno lake moja kabla sijafunga: bibi asikunywe mayi ya njiani, hata akisikia kiu. Angoje afike.

Ngoja ufike, mama. Sufuria kubwa nimeiweka tayari. Nitakuchemshia maji yako mwenyewe.

Mimi binti yako, mama wa jina lako,
Salima