Mizani Niliyomtumia Haruni

Jumatatu, 3 Novemba
Ile mizani ndogo niliyomtumia Haruni imemfikia. Jana, kwa furaha, nilisahau kuandika. Msafiri aliyetoka hapa Guangzhou amemkabidhi mkononi, huko Afrika Kusini, kwenye shamba analolindia kondoo wasiliwe na mbweha. Haruni wangu. Ndoa ina wiki saba, tumelala nyumba moja siku kumi na moja tu. Risasi anazitengeneza mwenyewe, baruti ya kujaza kwenye maganda anaipima chembe kwa chembe, kwa ile bastola yake ya mtutu mrefu yenye darubini, inayobeba risasi moja tu. Anasema mbweha hakupi nafasi ya pili. Amenitumia picha ya karatasi ya shabaha: matundu matatu, kifungo cha shati kinayafunika yote. Kwa mizani yako, anasema, litakuwa tundu moja. Nimeibusu simu. Leo nimeshinda soko la Kangle nikinunua vitambaa vya madera vya kwenda kuuza. Miguu inauma. Sijali.

Jumatano, 5 Novemba
Amejaza risasi arobaini. Kesho anapanda milimani, siku tatu, huko hakuna mtandao. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Alhamisi, 6 Novemba
Nilinunua mizani mbili zinazofanana, moja yake, moja yangu ya kupimia shanga. Leo nimeipeleka yangu mtaa wa Xiaobei kwa Bi Zuhura, Mzanzibari anayeuza dhahabu, tuijaribu kwa mchezo tu. Akaweka pete anayoujua uzito wake. Ikasoma pungufu. Akaweka tena. Pungufu.
"Mwanangu, umenunua mizani au umenunua mwongo?"
Nikacheka. Kicheko kikakatika. Kama na yake inasoma pungufu, Haruni atakuwa ameongeza baruti akidhani haijatosha. Baruti ikizidi, bastola inaweza kumpasukia mkononi, karibu na jicho.
Nimempigia mara thelathini. Hapatikani.

Ijumaa, 7 Novemba
Kosa ni langu. Kila mfanyabiashara hapa anajua: sampuli ni sampuli, mzigo ni mzigo. Sampuli niliijaribu, ilikuwa sawa. Laobani, mwenye duka, akaingia stoo akatoka na maboksi yaliyofungwa. Sikuyafungua. Nilikuwa namwonyesha picha za harusi.
Nimemrudia leo. Akatikisa kichwa, meiyou, hakuna, kama hajawahi kuniona. Sina hata hasira naye. Nimemwandikia Haruni: usifyatue. Ujumbe haujafika.

Jumamosi, 8 Novemba
Mzigo wetu unapakiwa bandarini Nansha, nimemwachia mwenzangu wa biashara. Nimeswali. Nimekaa na simu mapajani. Nakumbuka aliponipa mkono baada ya nikaha. Naogopa.

Jumapili, 9 Novemba
Amepiga. Yu hai.
Alifyatua moja tu, juzi. Bastola iliruka, ganda likakwama, fataki, kile kiwashio cha baruti kitakoni mwa ganda, ikatoboka na moshi wa moto ukamchoma shavu. Nyusi za upande mmoja zimeungua. Macho mazima. Zile thelathini na tisa amezifungua moja moja, baruti akaimwaga.
Nikamweleza yote huku nalia. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuijaribu mizani kwa vile vyuma vyake vya uzito, yeye anayepima kila kitu mara mbili.
Akajibu: "Mke wangu, zawadi ya bibi harusi naijaribuje? Ningekuwa nakutilia shaka wewe."
"Na hizo nyusi nani atazirudisha?"
"Zitaota. Usinichekeshe, shavu linauma."
Sikuwa namchekesha.

Jumanne, 11 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Bastola ipo kwa fundi, Haruni anatega mitego tu. Mbweha wamechukua wanakondoo wawili. Hajanilaumu, na sikutaka aniambie kwamba sikukosa. Hakuniambia. Namshukuru kwa hilo.
Nimekata tiketi. Safari hii simbebei kitu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa kwake, nilione hilo shavu kwa macho yangu.