Mwendo wa Gaudensi

Mama Skola,

Shikamoo. Gaudensi amelia. Naanza na hilo kabla ya habari za nyumbani, maana nakujua, ungenikatiza: "Oliva, acha mambo ya mahindi, sema la maana." Basi la maana ndilo hilo. Amelia mbele za watu, ukumbini pale Chanji, kamasi zinamtoka, na aliyemliza ni mimi.

Nyumbani Msanzi wazima wote. Ulezi umekubali mwaka huu. Haya, tuendelee.

Hukusikia aliyoyasema siku tuliyokuzika, kwa hiyo nikwambie. Alishuka kwenye gari la kukodi, amevaa lile koti lake la mtumba lenye vifungo vya dhahabu, akaomba kusema neno. Akasema marehemu alikuwa mpishi hodari wa kikundi chake. Mpishi! Akaongeza kwamba aliwahi kukufundisha kucheza na kuigiza, "na mama wa watu alijitahidi." Mama, nilikuwa nimeshika sufuria la uji wa waombolezaji. Nilitaka nimmwagie. Shangazi yako akanishika mkono, akaninong'oneza, si hapa. Nikasema sawa, si hapa.

Yeye akufundishe wewe? Wakati ule wa shirika la umma, kabla halijafungwa, sisi tuliandikwa wafanyakazi wa ghala, lakini kila mtu Sumbawanga alijua kazi yetu ni ngoma na maigizo. Wewe ndiye uliyekuwa ukitunga, wewe ukifundisha. Gaudensi alikuwa katibu, kazi yake kutunza ufunguo wa stoo ya ngoma na mavazi. Basi. Hakuwahi kuinua hata mguu. Mchezo wa "Mjane Hachoki" uliutunga baada ya shemeji zako kuja kugawana vitu vya marehemu mumeo na kutaka kukugawana na wewe. Nakumbuka ulivyotuimbia mara ya kwanza, umekaa juu ya gunia, unapiga kigoda kwa kiganja. Mjane anaambiwa achague shemeji wa kumrithi. Anasema, nitaolewa na atakayenishinda kucheza. Wanakuja mmoja mmoja, wanachoka mmoja mmoja, yeye bado anacheza, mpaka wote wamelala chini na yeye anawaruka anaondoka zake. Sisi wasichana tulipiga vigelegele humo humo ghalani. Wewe ukasema, "Kelele za nini? Hamjaweza hata hatua ya kwanza."

Halafu ikaja ruksa, kila mtu afanye biashara yake. Shirika likafungwa, tukapunguzwa kazi wote, na mwenye ufunguo akaamka asubuhi akawa mkurugenzi. Ngoma zake, mavazi yake, kikundi chake, mchezo wake. Akamchukua mjane wako akamvisha sketi ya shibiri moja, na mwishoni akamwoza kwa shemeji mkubwa ili walevi wafurahi. Kwenye tangazo mlangoni akaandika kwamba mtunzi ni yeye. Ulipomfuata ukamwambia, alikujibu nini? "Mama, watu wa siku hizi wanataka viuno. Wewe kaa pale mlangoni utukaangie maandazi."

Na ulikaa, kwa sababu ulikuwa na wajukuu wa kulisha. Hilo ndilo lisilonitoka moyoni. Mimi nacheza ndani, wewe uko nje kwenye moshi na baridi ya Ufipa, unasikia nyimbo zako zinaimbwa ovyo. Nilikuwa nikitoka kunywa maji nakuta mguu wako chini ya khanga unapiga hatua ile sahihi, peke yake. Kifua kilipokubana ukasema ni moshi tu. Moshi tu! Nikifika hapa huwa nasimama.

Ngoja nipenge kamasi niendelee.

Baada ya matanga nikaacha kazi kwa Gaudensi. Tukatoka wanne. Hatukuwa na ngoma, hatukuwa na mavazi. Lakini mimi nilikuwa na kile ulichonifundisha. Unakumbuka nilipotaka kuigiza yule karani wa mahakama, nikawa naiga sauti yake? Ulinipiga na khanga begani: "Acha sauti, we mtoto! Sauti kila kasuku anaweza. Angalia miguu." Ukanikalisha kibarazani siku nzima niangalie watu wanavyotembea tu.

Basi nikamwangalia Gaudensi miguu. Tumbo linatangulia, yeye anafuata. Kila baada ya hatua chache anasimama, anavuta suruali kwa mkono wa kushoto, anageuza shingo polepole kuona nani anamtazama. Kama hayupo, anakohoa mpaka apatikane. Nikatafuta koti la mtumba lenye vifungo kama vyake, nikafunga mto tumboni, nikamwita Bwana Nitazame. Sikumsingizia hata kitu kimoja. Bwana Nitazame anakuta mwanamke amepika ugali, anauonja, anakitangazia kijiji kizima kwamba kapika yeye. Anakuta mwanamke amejifungua, anajilaza kitandani apewe hongera.

Tulianzia mnadani Kaoze, kule bondeni. Wasukuma wenye ng'ombe wao hawamjui Gaudensi wala hawajali, lakini walicheka mpaka fimbo zikawadondoka. Tukapanda juu, tukacheza Msanzi, tukacheza mjini. Mjini sikumaliza hata kuvuka uwanja. Navuta suruali tu, watu wanapiga kelele, "Huyo! Si huyo Gaudensi!"

Ikawa moto. Watoto wa Chanji wakawa wanamfuata nyuma, matumbo mbele, wanavuta kaptura. Vijana wa kijiweni wakawa wanamwita, "Mambo, Nitazame!" Hata ofisini akienda, wale mabinti wa mapokezi wanainama chini ya meza. Nasikia mkewe mwenyewe siku moja alimkaribisha chakula kwa jina hilo, likamtoka tu. Wasichana wake wa viuno wakaja kwangu mmoja baada ya mwingine, ukumbi wake ukabaki viti. Alikuibia jina lako kwenye mchezo, na mimi nikamvua lake mjini. Usiku nililala usingizi mtamu, Mama. Padre aliniita akaniambia nisamehe. Nikamjibu, Baba, nitasamehe nikimaliza.

Ndipo akaja kwangu. Alikuja bila koti, amekonda. Hakunisemesha kwa ukali. Akasema, "Oliva, binti yangu shuleni wanamwita mtoto wa Nitazame. Niambie unachotaka." Nikamwambia nataka kitu kimoja. Asimame ukumbini, watu wamejaa, aseme kwa mdomo wake mchezo ni wa nani. Akasema atasema.

Jumapili alikuja pale Chanji, kwenye onyesho letu. Nilikuwa nimemaliza sehemu yangu, nimeingia nyuma ya pazia na mto wangu tumboni. Akapanda yeye, amevaa lile koti. Ukumbi ukalipuka. Hajafungua hata mdomo! Akasubiri. Akasema, "Mimi ni Gaudensi. Mjane Hachoki si mchezo wangu. Ni wa Skolastika. Nilimnyang'anya."

Maneno yenyewe hayo hayo, Mama. Sikuongeza wala kupunguza.

Wakavunjika mbavu. Walidhani ni mwenzetu mpya. Kwa woga akavuta suruali, mkono wa kushoto, basi ikawa balaa. Mtu akapaza sauti, "Jamani, huyu kamzidi Oliva!" Akarudia, "Nasema kweli, ni wa Skolastika, nilimnyang'anya," na kila akirudia wanazidi. Ndipo akaanza kulia. Wakasimama kumpigia makofi. Wanawake wakapanda wanacheza, wakambandika noti kwenye paji la uso, wakamfuta na machozi kwa khanga, wanasema jamani huyu baba anajua kulia.

Na mimi nilicheka. Nilicheka nimeshika pazia nisianguke. Nilikuwa nimeingojea siku ile tangu makaburini.

Watu walipokuwa wanatoka, mama mmoja akanishika mkono, bado anafuta macho. Akaniuliza, "Hilo jina la Skolastika mmelitoa wapi? Limenichekesha kweli."

Nikaufungua ule mto tumboni. Nilimtazama tu akaenda zake.

Tangu siku ile jina lako linatembea mjini na kicheko. Alichotakiwa kusema amekisema, na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Nilimwigiza vizuri mno, Mama, ukweli ukitoka mdomoni mwake unakuwa kichekesho. Usidhani nimemwonea huruma. Sijamsamehe, na padre nimemwambia asinisubiri. Lakini Bwana Nitazame hapandi tena jukwaani, kwa sababu maadamu mtu anamcheka yeye, anakucheka na wewe.

Mahindi yakishaingia ghalani tunacheza "Mjane Hachoki", mchezo mzima, na mjane haolewi na mtu. Kabla ngoma hazijalia nitatoka peke yangu, na gauni langu la kanisani, bila mto, bila koti la mtu. Nitawaambia aliyeutunga alikuwa Skolastika wa Msanzi, aliyewakaangia maandazi mlangoni na hawakumuuliza jina. Nitalitaja jina mpaka wanyamaze.

Lala salama, Mama Skola. Nakuahidi watanyamaza. Na atakayecheka siku hiyo, awe mkubwa awe mdogo, zamu yake inafuata.

Mwanao wa jukwaani,
Oliva