Mawagon Ine ya Kisasa

Léonie, haya imenishika.

Unajua nilitafuta miaka tatu mawagon ya kisasa ya treni yangu ya mezani. Ku échelle yangu, ile kipimo ya treni ndogo banaita TT, banatengenezaka tu ya zamani. Finalement ine ikafika.

Mi na akili yangu yote nikaita papa Godefroid, machiniste wa retraite mwenye aliendeshaka treni ya shaba, akuye kuangaria. Alikuya na kofia yake ya kazi.

Akaangaria murefu. "Mutoto yangu, hii haiko ya kisasa. Siku hizi mawagon banaiacha kando ya reli, shaba inapita mu makamyo."

Mu makamyo, Léonie.

Halafu akaangusha wagon moja kando ya reli, akatoka inje mu kiwanja ya nyumba, akarudia na majani, akaifunika. "Sasa iko ya kisasa."

Miaka tatu natafuta, kumbe kisasa iko inaota bure mu parcelle yangu.